Jua Kwanza Ziwa Liko Upande Gani

Wajukuu zangu, swali mnaloniletea karibu kila muhula ni hilohilo: "Bibi, tusomeje riwaya ili ikae kichwani?" Mnapoliuliza, mkononi huwa mmeshika kile kijitabu cha mwongozo, na ndani yake jibu la mtihani limekwisha andikwa: "Mandhari: kijijini na mjini." Basi, imetosha. Kwa maneno hayo mnapata alama zenu, nami siwalaumu, maana mtihani ni mtihani. Lakini riwaya haikai kichwani kwa sababu hiyohiyo. Hamjafika ilikotokea. Mmesimuliwa samaki, hamjamla.

Nasaha yangu kwenu ni moja, na mengine yote nitakayosema leo ni matawi yake. Kabla hujamhukumu mtu wa kitabuni, jua amesimama wapi. Jua ziwa liko upande gani wa nyumba yao, ni saa ngapi, upepo unatoka wapi, na nani yuko karibu kiasi cha kusikia. Ukishayajua hayo, matendo yake mengi utayaelewa kabla mwandishi hajayafafanua. Usipoyajua, utamwona mpumbavu au mwovu, kumbe wewe ndiye uliyempita mbio.

Sisemi mambo ya mbali. Hebu tuchukue sentensi tatu nilizozitunga mwenyewe, za hapa hapa kwetu, mjaribu kuzisoma pamoja nami:

Mama Kulwa alishuka mwaloni jua linazama. Mtumbwi ulikuwa bado haujarudi. Wanawake waliokuwa wakianua dagaa wakanyamaza.

Msomaji mwenye haraka atasema: sawa, mama kaenda ziwani, anamsubiri mumewe. Atafunua ukurasa. Ninyi mliokulia hapa Mwanza, Igombe, Kayenze au Kirumba, hamna ruhusa ya kusoma hivyo, kwa sababu mnajua mambo ambayo mtu wa Dodoma itabidi ayaulize.

Mnajua kwamba wavuvi wa dagaa hutoka jioni. Huenda katika zile siku za giza, mwezi usipokuwepo, kwa sababu dagaa hufuata mwanga wa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, na watu hukaa pwani wakishona nyavu. Waliotoka jioni hurudi alfajiri. Sasa rudini kwenye sentensi. Jua linazama, na mtumbwi haujarudi. Haujachelewa saa moja wala mbili. Ulitakiwa uwe umerudi tangu asubuhi. Mama yule amekuwa akingoja mchana kutwa, na mwandishi hakusema hata neno moja juu ya mchana huo.

Endeleeni. Wanawake wanaanua dagaa. Dagaa wanaoanuliwa jioni ni wale walioanikwa asubuhi, na walioanikwa asubuhi ni wale walioletwa na mitumbwi alfajiri. Kwa hiyo mitumbwi mingine ilirudi. Ziwa usiku ule halikumzuia kila mtu. Waliokosekana ni wa mtumbwi ule tu. Na saa hii ya magharibi, wanaume wengine wanapakia taa na nyavu kwa safari ya usiku mwingine, kwa hiyo mwalo haujalala, una kelele za kazi. Katikati ya kelele hizo, kundi moja la wanawake linanyamaza. Wamemwona anakuja. Walikuwa wanazungumza habari zake.

Mwandishi hakuandika kwamba Mama Kulwa ana hofu. Hakuandika kwamba wanawake wanamhurumia, wala kwamba wanajua jambo ambalo yeye halijui. Ameweka saa, mahali na kazi ya mikono, halafu akaondoka. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na sehemu ya uundaji huo ameiacha mikononi mwako wewe msomaji. Usipoifanya, hadithi itabaki mbao tu.

Mkiweza kusoma sentensi tatu namna hiyo, mmeshajua kazi. Sasa tuipeleke kwenye vitabu vyenyewe, na tuanze na cha jirani yetu.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, ikazua maneno mengi, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, kisha baadaye ikaruhusiwa na kusomwa darasani. Rosa ni binti wa Namagondo. Baba yake Zakaria ni mlevi na mkali, na barua ya mvulana inamletea binti huyo kipigo kikubwa. Baadaye anavuka kuja Mwanza kusoma sekondari, halafu Morogoro kusomea ualimu, na maisha yake yanaharibika hatua kwa hatua mpaka mwisho wake wa huzuni.

Darasani nimesikia hukumu ileile mwaka baada ya mwaka: "Rosa alijitakia." Wavulana wanaisema kwa sauti, wasichana kwa chinichini. Nami huwauliza: mmewahi kuvuka kwenda Ukerewe? Wengi hawajavuka. Basi nawaambia wasimame kwanza, wavuke.

Leo meli kutoka Mwanza mpaka Nansio, bandari ya Ukerewe, huchukua saa tatu hivi. Ukiwa njiani unaviona visiwa vidogo vya mawe, halafu mji wa Mwanza unazama nyuma yako, vilima vya Bugando na Capri Point vinakuwa vidogo, mpaka hubaki na chochote cha kushika kwa macho isipokuwa maji. Kisha fikirini kwamba ni miaka ya 1960 na hakuna simu ya mkononi. Habari inasafiri kwa barua, na barua inasafiri kwa chombo, na chombo kinasubiri siku yake. Kisiwani, msichana wa Namagondo anajulikana na kila mtu: jina lake, baba yake, kanisa analosalia, njia anayopita kwenda kisimani. Hakuna jicho lisilomfahamu. Anapofika Mwanza, yale macho yote yamebaki ng'ambo ya maji.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini kipigo cha Zakaria hakikumfundisha kujilinda. Kule kijijini alilindwa na fimbo ya baba na macho ya majirani. Yeye mwenyewe hakufundishwa kitu. Ziwa lilipomtenganisha na fimbo na macho, alibaki bila ngao. Hilo halipo katika sentensi moja ya kitabu mnayoweza kuipigia mstari. Lipo katika umbali uliopo kati ya kisiwa na mji. Msomaji ambaye hakuuona umbali huo atasema alijitakia. Msomaji aliyeuona anaweza bado kumlaumu Rosa, lakini hatamlaumu peke yake.

Na Kezilahabi hakuhitaji kuubuni udongo ule. Alizaliwa juu yake. Mwandishi anayejua mahali pake kwa kiasi hicho haelezi kila kitu, kama vile wewe husimulii rangi ya mlango wa kwenu unapomtuma mdogo wako nyumbani. Anagusa tu, anapita. Hiyo ndiyo sababu mnapaswa kusoma polepole zaidi pale anaposema machache.

Nije kwenye onyo, maana kuona nako kuna hatari zake. Mkishajifunza kuona, mtaanza kuona vitu ambavyo havikuwepo. Maji ni yaleyale, lakini ziwa si lile.

Mkisoma kuhusu wavuvi wa Ukerewe wa zamani, mnawapakia sangara kwenye mitumbwi. Ondoeni. Sangara aliingizwa katika ziwa letu kuanzia miaka ya 1950, na wingi wake mkubwa ulionekana miaka ya 1980. Baadaye vikaja viwanda vya minofu hapa Mwanza. Hata sato huyu mnayemla Jumapili aliingizwa. Wazee wa wazee wenu walikula ngege, ningu, furu, kambare na kamongo. Ondoeni pia gugumaji, lile zulia la kijani linalofunika ghuba. Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Rosa hakuliona. Ondoeni mlio wa injini, wekeni kasia na tanga. Ondoeni umeme, wekeni kibatari. Na mkishaweka kibatari, fikirini sawasawa maana yake: mwanga unafika kwenye uso wa anayekaa karibu na meza, na anayekaa kona hauoni uso wake. Katika nyumba ya namna hiyo mtu anaweza kulia bila kuonekana, na mwingine anaweza kusikiliza maneno yasiyomhusu. Visa vingapi vya riwaya zetu za kijijini vinawezekana kwa sababu ya giza hilo tu!

Kuna jambo zito zaidi la kuondoa, nalo ni hofu yenu wenyewe. Sisi watu wa Mwanza hatulisomi neno "meli" kama wengine wanavyolisoma. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na bandari yetu na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu mia mbili wakapoteza maisha. Hakuna mtaa hapa usio na nyumba iliyolia. Kwa hiyo mnapomwona Rosa, au kijana mwingine yeyote wa riwaya ya miaka ile, anapanda chombo kwenda Mwanza, vifua vyenu vinabana. Ni haki yenu kubanwa. Lakini msimpe yeye hofu hiyo. Yeye hakuijua MV Bukoba, ilikuwa haijaundwa. Kwake chombo kile kilikuwa shule, viatu vipya, sahani ya bweni, mji mkubwa. Mkimpakia hofu yenu, mtaikosa furaha yake, na mkiikosa furaha yake hamtaelewa jinsi alivyodanganyika kirahisi.

Jizoezeni kutenganisha haya mawili: hali aliyomo mtu wa kitabuni, na hali uliyonayo wewe unayemsoma. Yote mawili ni ya kweli. Yasichanganywe tu.

Sasa niwapeleke nyuma zaidi, palepale kisiwani. Kabla ya Kezilahabi kulikuwa na Mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Aliandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, pamoja na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali, akakimaliza mwaka 1945. Miaka ikapita bila kupata wa kukichapa. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka kwa Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine mzaliwa wa Ukerewe, ndiye aliyekuja kukitafsiri kwa Kiingereza kutoka Kikerewe, kikatoka mwaka 2002.

Vijana wakikifungua kitabu hiki hulalamika: "Bibi, hakiendi!" Wanataka tukio. Wanachokuta ni watu wanasalimiana kwa urefu, wanalima, wanapika, wanatengeneza pombe, wanatibiana, wanazikana. Kwao hayo ni vizuizi njiani, na tukio liko mbele. Nawaambia geuzeni macho. Kwa Kitereza, mazingira hayo ndiyo tukio. Aliandika Ukerewe ya kabla ya Wazungu kufika, akiona mila zake zinafifia, na alitaka mjukuu asiyeikuta aweze kuikuta.

Chukueni kisa chenyewe. Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndoa haijapata mtoto. Myombekere anampenda mkewe, anakwenda ukweni kumwomba, na wakwe wanamdai pombe ya ndizi. Kijana wa leo anauliza: si anunue? Hapo ndipo anapoonyesha kwamba hajafika. Nchi ile haina duka la pombe. Pombe ya ndizi inaanzia shambani. Ndizi zikatwe, ziivishwe kwa siku kadhaa, zikamuliwe, maji yake yachanganywe na nafaka, yaachwe yachachuke, yatiwe vyomboni, yabebwe vichwani kwa miguu mpaka ukweni. Ni kazi ya mikono mingi, na wanamdai mtu ambaye nyumba yake imebaki tupu kwa sababu mkewe ndiye aliyechukuliwa! Ona ukali wa sharti hilo. Ona pia jinsi linavyowapa majirani nafasi ya kuonyesha nani rafiki wa kweli. Hakuna lolote katika hayo linalosemwa kwa kelele. Yote yanatoka kwenye migomba na mitungi.

Kwa hiyo kumbukeni: muda nao ni sehemu ya mandhari. Kuna vitabu ambavyo saa yake ni ya simu, na kuna vitabu ambavyo saa yake ni ya ndizi kuiva. Ukisoma cha pili kwa mwendo wa cha kwanza, utachoka wewe na kitabu utakiita kibaya.

Vitabu vya mbali na ziwa je? Tuseme umepewa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Mambo yake yako Unguja, zama za ukoloni wa Mwingereza: Yasmin, msichana wa asili ya Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza, mtu aliyemzidi sana umri, naye anaikimbia ndoa hiyo. Wewe hujafika Unguja. Utaonaje?

Anza na ulichonacho, kisha rekebisha. Unazijua zile njia nyembamba za Igogo na Mabatini zinazopanda kati ya mawe, ambapo watu wawili wakikutana mmoja lazima ajibanze ukutani. Chukua wembamba huo. Sasa uulaze chini, maana Mji Mkongwe wa Unguja hauna vilima vyetu. Ondoa majabali, weka kuta ndefu za ghorofa pande zote mbili na milango mizito ya nakshi. Dirisha la jirani liko hatua chache kutoka kwako, kwa hiyo siri ya ndoa haina pa kujificha. Weka adhana, harufu ya chumvi, unyevu unaoshika nguo mwilini. Halafu weka jambo ambalo mtoto wa ziwani husahau kila mara: maji ya bahari yanajaa na kupwa. Kwetu ufukwe wa asubuhi ndio wa jioni. Kule Unguja maji makubwa yanaweza kupanda na kushuka kwa karibu mita nne. Mahali watu walipooga asubuhi, mchana wanawake wanatembea kwa miguu wakiokota chaza. Mtu wa riwaya ya pwani akikutana na mwenzake ufukweni, uliza maji yamejaa au yamekupwa. Yakiwa yamejaa, mashua zinaelea na safari inawezekana. Yakiwa yamekupwa, hana pa kukimbilia mpaka yarudi.

Na mtu wa pwani naye ana deni kwetu. Akisoma habari za ziwani anatakiwa ajifunze kwamba mchana upepo wetu kwa kawaida hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ndiyo maana harufu ya samaki ya Mwaloni Kirumba huijui usiku kama unavyoijua saa nane mchana. Ajue pia kwamba mawe yetu hushika joto la jua na kulitoa polepole baada ya magharibi, kwa hiyo mtu akiegemea jabali saa mbili usiku mgongo wake unapata moto huku uso unapata upepo. Mwandishi wa Mwanza akiandika kwamba mtu aliegemea jiwe likawa la baridi, hilo linakwambia kuwa usiku umekwenda sana.

Msichukue picha zenu zote kwenye filamu. Hii ya Vuta N'kuvute imetengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, na mtaiangalia, hakuna ubaya. Lakini someni kwanza. Ukiangalia kabla ya kusoma, sura ya mwigizaji inakaa kichwani na haitoki tena; Yasmin wako hatazaliwa. Ukisoma kwanza, utaiangalia filamu ukiwa na lako la kusema: hapa wamepatia, hapa mimi niliona vingine.

Najua wapo kati yenu watakaosema: "Bibi, mimi nikifumba macho sioni chochote, giza tupu." Msijione wagonjwa wala wajinga. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton aliwaomba watu wakumbuke meza ya kifungua kinywa chao, wamweleze wanachokiona akilini. Wengine waliiona wazi wazi, wengine hafifu, wengine hawakuona kitu kabisa. Mwaka 2015 daktari Adam Zeman na wenzake wakaipa hali hiyo ya kutokuona jina la afantasia. Watu wa namna hiyo wanasoma, wanaandika, wanafundisha. Kama ndivyo ulivyo, acha kulazimisha picha. Tumia masikio na akili: nani anasikia, kuna hatua ngapi mpaka mlangoni, nani amekaa juu ya kiti na nani kwenye mkeka, kuna baridi au joto. Katika yale niliyowaambia juu ya Mama Kulwa, ni machache sana yanayohitaji picha. Mengi yanahitaji kujua mitumbwi inarudi saa ngapi.

Na viko vitabu ambavyo mahali pake hapapatikani kwenye ramani yoyote. Kezilahabi huyohuyo wa Namagondo aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, na humo ardhi yenyewe ni ya ndoto. Ukiuliza iko mkoa gani utapotea. Hapo msilazimishe Ukerewe wala Mwanza. Shikeni tu yale mnayopewa: giza, njia, ukimya, sauti. Kuona vizuri ni pamoja na kukubali kwamba mwandishi hakutaka uone kila kitu.

Basi niwape mazoea machache ya kushika, halafu niwaache.

Ukurasa wa kwanza usomeni mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa ajili ya watu, mara ya pili ni kwa ajili ya mahali. Waandishi wengi huweka pale mlangoni vitu ambavyo watavitumia mwishoni.

Chora ramani kwenye daftari lako, si kwenye kitabu cha maktaba. Nyumba hapa, kisima pale, ziwa huku, njia ya kwenda kanisani au msikitini inapita wapi. Haihitaji kupendeza. Ukishaichora utashangaa kuona kwamba watu wawili wasiopatana wanalazimika kupita mlango mmoja kila siku.

Kila saa inapobadilika, simama. Mwandishi akisema "kesho yake" au "mvua zilipoanza", usiruke. Mvua za vuli si masika, na njaa ya kabla ya mavuno si njaa ya baada yake.

Someni kwa sauti, hasa mazungumzo, jioni mkiwa wawili watatu. Sauti hukuonyesha umbali: ukijaribu kusema maneno ya mtu aliyejificha chumbani kwa sauti ya mtu aliye shambani, utasikia mwenyewe kwamba hayakai.

Na ukipata nauli, nenda. Amka siku moja kabla ya jua, ushuke mwaloni mitumbwi inaporudi, usimame tu, usipige picha. Siku nyingine panda meli ya Nansio, ukae nje, utazame Mwanza inavyoondoka. Nauli hiyo ni ada ya shule, hata kama hakuna atakayekupa risiti.

Tafuteni basi Rosa Mistika, au hicho cha Myombekere na Bugonoka, maktabani au kwa walimu wenu, mkisome kitabu kizima na mwongozo mkiuacha kabatini. Mkifika mahali ambapo ulimi unataka kusema "alijitakia", rudini nyuma kurasa chache mwangalie yule mtu amesimama wapi, ni saa ngapi, na nani alikuwa karibu wa kumsaidia. Baada ya hapo, kama bado mnataka kumhukumu, mhukumuni. Itakuwa hukumu ya watu waliofika.